Mpaka Ipite Mizani

Jumatatu, 7 Aprili

Msichana wa hesabu amesema kuanzia leo kila jambo la kampuni liandikwe. Sawa. Mimi Nehemia Odoyo, mwenyekiti wa Kampuni ya Trela za Wakulima hapa Awendo, nimenunua daftari na kalamu mbili, na nitaandika kila jambo, hata yale ambayo yeye hatapenda kusoma. Naandika Kiswahili kwa sababu wanahisa wetu ni Wajaluo, Wakuria na Wakisii, na nataka wote wasome jinsi mzee wao alivyotukanwa. Shule yangu ni darasa la tatu na ngumbaru. Lakini trekta ya kwanza kuvuta miwa katika kata hii niliiendesha mimi, wakati baba ya huyu msichana alikuwa bado ananyonya.

Kutukanwa kwenyewe ni hivi. Mwaka jana nilisimama mbele ya wanahisa nikatangaza faida ya laki nane. Tukachinja fahali. Watu wakala mpaka wakalegea. Leo huyu Mellen Mokua, mkaguzi aliyetoka Kisii na kompyuta kwenye mkoba, ameketi kwenye kiti changu na kuniambia faida ile haikuwepo.

"Haikuwepo namna gani?" nikamuuliza. "Fahali tulikula au hatukula?"

"Fahali mlikula, mzee. Faida ndiyo haikuwepo."

Ati benki iliyotukopesha pesa ya trekta mbili za mwisho inataka hesabu zetu zikaguliwe kwa kanuni mpya, kanuni kali. Kanuni inasema pesa ya kubeba miwa si mapato mpaka miwa ipite mizani ya kiwanda cha sukari na tiketi itoke. Sisi tangu tuanze, trela ikishatoka shambani tunahesabu. Hata miwa ikishakatwa ikapangwa kando ya barabara, tunahesabu. Mwaka wetu wa hesabu unafungwa tarehe thelathini Juni, na kila mwaka siku hiyo kuna trela zimesimama kwenye foleni nje ya kiwanda. Zote nilikuwa nahesabu. Kwani zitaenda wapi? Mbinguni?

Halafu kuna madeni. Mtu ambaye tulimbebea mchanga au mawe na hajalipa zaidi ya mwaka, Mellen amemkata. Anakata watu kama anapalilia. Alipomaliza, faida ya laki nane ikawa hasara ya laki mbili. Nikatoka nje nikatema mate.

Na hapa ndipo kuna hatari. Katiba ya kampuni inasema ikipata hasara miaka miwili mfululizo, wanahisa wapige kura kama trekta ziuzwe. Kifungu hicho nilikiweka mimi mwenyewe siku ya kwanza, kwa majivuno, maana nilijua hakitatumika. Sasa mwaka jana umegeuzwa hasara. Mwaka huu lazima tupate faida, na imebaki miezi mitatu tu.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Ken amekuja kutoka Oyugis. Huyu ndiye mume wa Helen, binti yangu, na ni mtu kamili. Ana malori matatu. Viatu vyake vinang'aa hata kwenye matope, sijui anatembeaje. Nilimpeleka sokoni nikamwonyesha watu. Nikawaambia huyu ndiye aliyeleta ng'ombe kumi na mbili kwa ajili ya Helen, na hakuna mzee mwingine kuanzia hapa mpaka Rongo aliyepata kumi na mbili katika miaka hii. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Jioni Min Helen, yaani Mama Helen, mke wangu Emmaculate, akaniuliza mbele ya chai, "Wuon Helen, hao kumi na mbili unawaweka wapi? Mimi kila asubuhi nakamua na kufungulia watano."

"Saba wako kwa Ken."

"Basi ni wa Ken."

"Ameahidi!"

Na kweli Ken mwenyewe, nilipomkumbusha akipanda gari, alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Wanakuja, Baba. Wewe hesabu tu kama wako hapa." Hayo ndiyo maneno ya mkwe mwenye adabu. Sio kama Mellen.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Trekta namba tatu imezama mpaka kwenye ekseli. Maroa, dereva wetu Mkuria, amekaa juu yake kama kuku juu ya mayai, anakula muwa wa mzigo. Nikamwambia ashuke asukume. Akasema, "Mzee, hii trekta haisukumwi, hii inazikwa." Tumeivuta kwa trekta nyingine mbili. Diseli ya siku nzima imeishia kwa matope.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Pancha mbili.

Jumatatu, 12 Mei

Nimegombana na Mellen tena. Amekuja kuangalia vitabu na Wangwe, mweka hazina wetu. Nikakuta deni la marehemu Onsongo wa Magunga limepigwa mstari. Onsongo tulimbebea mawe ya nyumba, trela kumi na nne, miaka minne iliyopita.

"Kwa nini umefuta mtu wangu?"

"Amefariki, mzee."

"Najua amefariki. Nilikula kwa matanga yake. Ana vijana wanne wazima wenye meno! Deni la baba ni la watoto."

"Vijana wamekubali kulipa?"

"Wataacha kukubali?"

"Wameleta hata shilingi mia?"

Nikakohoa kwanza. Sio kwa kushindwa, ni vumbi la vitabu. Halafu nikamwambia kwamba sisi hapa mtu akitoa neno lake, neno hilo ni mali. Akasema, bila hata kuinua macho kutoka kwa kompyuta, "Neno zuri, mzee. Wakileta pesa tutaliandika siku hiyo hiyo, kwa wino wa rangi unayotaka wewe."

Wangwe akacheka. Nilimwangalia mpaka akaacha. Wangwe tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, na sasa anacheka upande wa Wakisii.

Nimewapigia vijana wa Onsongo. Mmoja amesema namba si yake. Mwingine ameuliza Odoyo gani.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua. Wakataji miwa hawakutoka. Sina la kuandika ila hasira, na hiyo nimeshaandika.

Jumapili, 8 Juni

Jua! Mungu ameamka. Tangu Jumatano barabara imekauka na trekta zote zinatembea. Wiki hii tumepitisha mizani mizigo mingi kuliko Mei yote. Ndiyo, nimeandika "tumepitisha mizani". Nahesabu kwa kanuni yake ili nimshinde kwa kanuni yake. Tiketi nazitundika kwenye msumari ofisini, ikifika jioni naupapasa msumari nione umenenepa kiasi gani.

Lakini tiketi zenyewe ni kelele tu. Mimi jicho langu ndilo mizani. Nikiangalia trela nakuambia tani kumi, ni tani kumi. Zamani karani wa kiwanda alikuwa ananiuliza mimi kwanza kabla ya kupima. Maroa anasema sio kweli. Maroa alikuwa hajazaliwa.

Ijumaa, 20 Juni

Kiwanda kimesimama. Wanasema mashine ya kusaga imevunjika, spea inatoka mbali. Mizani imefungwa. Trela zetu tisa zimeingia kwenye foleni jana na juzi, zimejaa mpaka juu, na hazitapimwa mpaka kiwanda kiwake.

Jumanne, 24 Juni

Foleni. Jua kali.

Alhamisi, 26 Juni

Foleni. Sasa ndiyo jua linawaka, lile nililoliomba mwezi wa nne nikanyimwa.

Jumamosi, 28 Juni

Nimekaa na Wangwe asubuhi tukapiga hesabu yote kwa kanuni mpya. Tunakosa elfu sabini. Tukipata elfu sabini kabla ya Jumatatu jioni, hakuna hasara, hakuna kura, hakuna mtu wa kugusa trekta zangu. Na nje ya kiwanda kuna trela tisa. Kila moja tani kumi kwa jicho langu. Kila tani tunalipwa elfu moja. Hiyo ni elfu tisini! Pesa iko pale, imesimama barabarani, ng'ombe za watu zinailamba, na msichana anasema haionekani.

Nikaenda kwa karani wa mizani na jogoo. Jogoo mkubwa mwekundu. Nikamwambia, kijana, andika tu tiketi za tarehe ya leo, mashine ikiwaka utapima kuhakikisha. Akamwangalia jogoo, akaniangalia mimi. "Jaduong', mzee wangu, kamera hiyo hapo juu. Inaona mimi, inaona wewe, inaona na jogoo." Nikarudi na jogoo kwapani, na watoto wa foleni wananiuliza namuuza bei gani.

Basi nikampigia Mellen. Nikamwambia kama ana miguu aje aone. Kumbe ana miguu. Saa nane alifika kwa pikipiki, amevaa gambuti. Nikamshika nikampeleka mpaka trela ya kwanza.

"Hii ni nini?"

"Miwa."

"Iko au haiko?"

"Iko, mzee."

"Nani ameitoa shambani?"

"Nyinyi."

"Diseli ya nani?"

"Yenu."

"Basi andika!"

Akapanda juu ya tairi, akavuta muwa mmoja, akaukunja. Muwa wa kawaida unakatika kwa mlio. Huu ulijipinda kama kamba ya kufungia mbuzi. Akaupima mkononi, akanipa. "Mzee, hii ni tani ngapi?"

"Kumi."

"Ilikuwa kumi siku gani?"

Nikautupa ule muwa chini. Huwezi kumjibu mtu ambaye ameng'ang'ania. Maroa alikuwa amelala chini ya trela, akasema kutoka kule chini, "Mama, usimsumbue mzee, yeye mizani yake haina tiketi." Mellen hakucheka. Alikaa kwenye jiwe karibu na mimi, akafungua soda mbili, moja akanipa. Akasema yeye hapangi hasara yetu, anaikuta tu. Nikanywa soda yake. Hilo halimaanishi nilikubali.

Jumatatu, 30 Juni

Kiwanda hakijawaka. Saa kumi na moja jioni Wangwe amepiga mstari mwekundu chini ya hesabu. Hasara ya elfu sabini. Hasara! Wakati elfu tisini iko barabarani! Katika miaka yangu yote sijaona wizi wa namna hii, kumwibia mtu kwa kukataa kuangalia.

Jumapili, 6 Julai

Kiwanda kimewaka Ijumaa. Trela zetu zimepimwa jana, zote tisa.

Tani sitini na tatu.

Nimemwambia Wangwe mizani ya kiwanda ni mbovu, kila mtu anajua. Wangwe akasema, kwa upole ule ambao siupendi, "Mwenyekiti, lakini hata kama tungezihesabu zote siku ile, elfu sitini na tatu haizibi elfu sabini. Ungetangaza faida kwa jicho, na pesa isingekuwepo." Ni jua. Jua limeiba tani ishirini na saba, na ng'ombe wa barabarani wamesaidia. Jicho langu halikukosea siku ile. Miwa ndiyo iliyobadilika.

Sijalala vizuri.

Alhamisi, 10 Julai

Ken amekuja. Amesikia kura inakuja tarehe kumi na tisa, na yeye anataka kununua. Trekta zote na trela zote, milioni saba. Moyo wangu ulipanda. Nilijiambia heri mali iende kwa mkwe kuliko kwa mtu wa mbali, na milioni saba ni pesa ya kutangaza mbele ya watu. Nilikuwa tayari nimeanza kutafuta maneno ya hotuba.

Nikauliza, "Unalipa lini?"

"Laki tano siku ya kuchukua trekta, Baba. Iliyobaki baada ya mavuno mawili."

"Hiyo ni milioni sita na nusu."

"Inakuja, Baba." Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Wewe hesabu tu kama iko hapa."

Min Helen alikuwa anapita na ndoo ya maziwa. Alisimama, akageuka akaangalia boma, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Haikuhesabu muda mrefu. Halafu akaendelea na ndoo yake.

Ken ameondoka. Sikumsindikiza mpaka barabarani.

Jumapili, 20 Julai

Naandika ya jana. Kalamu ya kwanza imeisha, hii ni ya pili.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa kanisa. Watu walijaa mpaka uani. Wangwe alisoma hesabu kwa kanuni mpya: mwaka jana hasara laki mbili, mwaka huu hasara elfu sabini. Halafu Nchagwa, yule Mkuria mwenye hisa nyingi na mdomo mwingi, akasimama nyuma.

"Mwenyekiti! Fahali ya mwaka huu iko wapi? Au na yeye yuko foleni?"

Walicheka mpaka wengine wakashika miti. Watu niliowalisha nyama! Niliviangalia vinywa vile na nikakumbuka kila kinywa kilichukua pande gani.

Halafu Ken akaitwa. Suti ya kijivu. Akasema milioni saba kwa sauti nzuri, taratibu, na kila mtu pale akaanza kuigawa kichwani mwake. Niliwaona. Mmoja ameshanunua bati, mwingine ameshalipa karo. Nchagwa akapiga kelele, "Tuuze! Tuuze leo!" Mikono ikaanza kuinuka hata kabla ya kuulizwa. Trekta yangu namba moja ilikuwa imesimama pale kando ya kanisa, Maroa alikuwa ameiosha, na ilikuwa inauzwa mbele ya macho yangu kwa neno la mdomo.

Nikasimama. Mimi sikuandika hotuba, mimi siandiki hotuba.

"Ken. Hizo milioni saba zimepita mizani?"

Akatabasamu. "Baba, sielewi."

"Ni Kiswahili. Tiketi yake iko wapi? Mimi naona laki tano. Hiyo nyingine iko kwenye foleni. Wangwe! Kwa kanuni mpya, mtu akiahidi milioni sita na nusu, tunaandika ngapi?"

Wangwe akamwangalia Mellen, aliyekuwa ameketi mbele na mkoba wake. Mellen akasema, "Mnaandika ikija. Na mtu mwenyewe lazima awe na historia ya kulipa."

"Historia!" nikasema. Na hapo nikajua ni lazima niseme, na nilisema kwa sauti ambayo ilisikika mpaka Sare. "Nyinyi wote mnanijua kwa ng'ombe kumi na mbili wa Helen. Wako wapi? Nendeni kwangu sasa hivi. Mtakuta watano! Miaka sita watano! Saba wako kwa huyu bwana wa suti, na kila mwaka ananiambia niwahesabu kama wako. Mtu ambaye hajaleta ng'ombe kwa baba ya mke wake atawaletea nyinyi mamilioni? Nyinyi mmemzalia nani?"

Uwanja mzima uliruka. Wazee wa soko, wale waliotikisa vichwa kwa heshima mwezi wa nne, niliwaona wakinong'onezana: watano, watano. Nitausikia huo mnong'ono mpaka nife. Ken alisema jambo la aibu, kwamba mambo ya nyumbani hayaletwi hadharani. Nikamwambia ng'ombe wangeletwa nyumbani, neno lisingeletwa hadharani. Nchagwa mwenyewe alicheka, na alipomaliza kucheka alishusha mkono wake.

Tukapiga kura. Waliokataa kuuza walikuwa wengi hivi kwamba Wangwe alitaka kusema tu "wameshinda". Nikamkatalia. Nikamwambia ahesabu mkono mmoja mmoja, na mkono ulio nusu juu asihesabu.

Hatukuchinja kitu. Tulikunywa soda. Wamenibakisha kwenye kiti mwaka mmoja mwingine, na Nchagwa amesema ataniangalia.

Baadaye Mellen alikuja na karatasi za kutia sahihi. Akaniambia mwaka mpya tumeuanza vizuri, elfu sitini na tatu ya zile trela tisa imeshaandikwa Julai, pesa halisi. Halafu akasema, "Mzee, leo umeieleza kanuni kuliko nilivyofundishwa chuoni."

"Hiyo kanuni ni ya zamani," nikamwambia. "Sisi tulikuwa nayo. Nyinyi mmeiandika tu."

Nikatia sahihi chini ya neno hasara. Sahihi kubwa, ili benki ione sijajificha. Na bado nasema mtu aliyetengeneza kanuni hiyo hajawahi kukesha na trela kwenye matope.

Jumatatu, 28 Julai

Helen amepiga simu. Amelia, amenigombeza, halafu amemuuliza mama yake kama zizi letu lina nafasi.

Jumamosi, 2 Agosti

Lori la Ken lilifika saa nne asubuhi. Hakushuka haraka. Alipaki nje ya geti, akafungua kioo, hakunisalimia kwa mikono miwili wala mmoja.

"Nimeleta wawili, Mzee. Hesabu, uwaambie watu wako."

Niliwaona kwa kupitia mbao za lori. Dume mweusi na mtamba mwekundu mwenye baka jeupe, wazuri. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua, na mzee mmoja wa soko alikuwa ameshafungua mdomo kusema "saba".

"Ngoja," nikamwambia.

Maroa akaweka ubao. Dume akashuka vizuri. Mtamba akagoma, akarudi nyuma, akageuza kichwa upande wa Oyugis. Ken akanung'unika, "Baba, si umeshawaona?" Mimi nilisimama kwenye geti, mkono mmoja juu ya nguzo. Min Helen alikuja akasimama upande wa pili na ndoo yake. Mtamba akavutwa, akaingiza kichwa, kisha kifua, kisha tumbo, akasimama katikati akatuangalia sisi wawili kama wajinga.

Tukangoja. Mguu wa nyuma wa mwisho ulipopita nguzo, nikafunga geti.

"Saba," nikasema.